Kasa wa Buluu wa Bembeani

Shangazi yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ulipokuwa hai nilikuwa nikikuamkia shikamoo, nawe ukiitika marahaba na pini mdomoni. Lakini baba amenifundisha kwamba waliotutangulia huamkiwa kwa salamu ya amani, basi naanza hivyo. Barua hii naiacha wazi makusudi. Nataka na wale tuliokuwa nao foleni siku ya Idi pili waisome, kwa sababu wao wanajua nusu ya yaliyotokea na nusu iliyobaki unaijua wewe.

Nilikwenda Bembeani, Shangazi. Nilikwenda na mdogo wangu Zuhura, na hiyo ndiyo Idi yangu ya kwanza kufika pale bila wewe.

Idi mosi ulikuwa huitaki. Ulikuwa umekesha na cherehani kwa ajili ya nguo za nusu ya Msambweni, macho mekundu, vidole vimechomwa, ukalala mpaka alasiri. "Idi mosi ni ya wateja wangu," ulikuwa ukisema. "Idi pili ni yangu mimi na Bi Kimya." Bi Kimya ni mimi. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo, na sikuwahi kukuambia kwamba nalipenda jina hilo. Nyumbani na shuleni watu huniuliza kwa nini sisemi. Wewe ulifanya kana kwamba kunyamaza kwangu ni cheo.

Tulikuwa tukishuka kituo cha Kona ya Musa, tunatembea mpaka kule nyuma ya maduka, na kabla hatujafika tunasikia mlio wa vyuma vya Mzee Athmani. Kwa wasiopajua, Bembeani ni kiwanja kidogo cha mchanga chenye wanyama wa mbao wanaozunguka: farasi mweupe, ndovu, ngamia, na kasa mmoja wa buluu. Mzee Athmani aliwachonga mwenyewe, akawafunga juu ya duara la vyuma vya mabasi yaliyokwisha. Duara lile halikuwa na injini. Kati ya mnyama na mnyama ilitokeza boriti ya mkoko, na desturi ilikuwa moja tu: anayeshuka ndiye asukumaye. Ukipanda, unazungushwa na walioshuka. Ukishuka, unashika boriti uwazungushe wanaokufuata. Hakuna aliyeiandika popote. Mtoto aliijua kama anavyojua kuvua viatu mlangoni.

Na wewe, Shangazi, ulikuwa ukianza kulalamika tangu langoni. Ngamia hana sikio tangu mwaka gani? Ndovu amepakwa rangi mpaka juu ya jicho, sasa ataonaje njia? Ulikuwa ukipitisha kiganja juu ya kila mnyama kama unayekagua mshono. Na watu je! Ulikuwa na jina la kila aina. Yule anayeweka mkoba juu ya farasi ili kumwekea shoga yake nafasi ulimwita Mwenye Shamba. Yule anayepita foleni yote akisema "namfuata mwanangu", na mwana haonekani, ulimwita Mama wa Hewa. Yule anayekula achari kisha akapangusa vidole kwenye shingo ya ngamia hukumpa jina. Ulimtazama tu, naye akatoa leso.

Lakini kubwa la malalamiko yako lilikuwa kasa.

"Mzee Athmani, we umezaliwa Gazi, kasa umewaona tangu utoto. Kasa gani wa buluu?"

"Fundi, nilipaka rangi iliyobaki."

"Basi mwakani ibakishe ya kijani."

"Inshallah, fundi."

Mwaka uliofuata alikuwa wa buluu vilevile, nawe ulimuuliza upya kwa hasira mpya, na mzee akajibu yaleyale huku akicheka kimyakimya. Mimi nilikuwa nikimpanda kasa kwa sababu hapakuwa na aliyemgombania. Siku moja nikakuuliza, mbona unapapenda mahali ambapo huachi kupalaumu? Ulikuwa umemshika mtoto wa watu aliyechanika gauni, unamshonea palepale, maana hukutembea bila sindano kwenye pindo la leso. Ukakata uzi kwa meno ukaniambia, "Nguo nisiyoipenda siutazami mshono wake."

Gauni lile lilichanwa na msumari wa farasi mweupe, ule wa chini ya tandiko, ambao kila mwaka mzee aliahidi kuugongelea na kila mwaka alisahau. Wewe hukungoja ahadi. Ulikuwa ukichukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye nguo za Idi, ukauzungushia msumari ule, ukafunga fundo, ukaupiga kofi kidogo. "Haya, tulia."

Kisha ikaja injini. Unaikumbuka. Mzee Athmani aliwaona kina mama wakitoka jasho na nguo mpya, akawahurumia, akanunua injini ya mashine ya kusagia mahindi na kuifunga chini ya duara. Watu walipiga makofi. Wewe peke yako hukupiga. "Sasa tutakuwa magunia," ulisema, na nilidhani unalalamika tu kama kawaida yako. Injini ilikuwa ikitikisa kila kitu. Misumari ikalegea, miguu ya farasi ikapasuka, mkia wa kasa ukaanguka. Na Idi baada ya Idi watoto wakakua wakijua kwamba Bembeani mtu hupanda, hushuka, huenda zake.

Nakueleza sasa yale usiyoyaona.

Nilipofika dirishani kununua tiketi nilimwamkia mzee shikamoo. Akaitika marahaba, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Na fundi amekawia wapi?" Halafu akakumbuka. Akavua kofia. "Inna lillahi. Ulimi umenitangulia, mwanangu. Usiku wa maziko nilikuwapo."

Nikamwuliza habari za injini. Akaniambia imekufa kabla ya Ramadhani na fundi wa mashine ameikatia tamaa. "Nimefungua kwa ajili ya watoto tu. Mgongo wangu hausukumi tena. Sikukuu ikipita anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, achukue vyote. Mbao nitapikia."

Nikamfikiria kasa jikoni, chini ya sufuria.

Uwanja wenyewe ungekutoa machozi, au matusi. Rangi imebabuka, chupa za maji zimezagaa, ngamia amepoteza na lile sikio la pili. Wanyama walikuwa wamejaa watu waliokaa tu. Vijana watatu walikuwa juu ya ndovu wakijipiga picha, simu juu ya fimbo, na dada mmoja alikuwa amepanda farasi mweupe kwa upande, akigeuza uso kulia na kushoto, hashuki mpaka picha imridhishe. Waliopanda kabla yao walikuwa wamechoka kungoja, wameshukia upande wa pili na kwenda kununua viazi karai. Zuhura alikuwa juu ya kasa, amemshika shingo kwa mikono miwili, anangoja aende. Kasa haendi.

"Oya mzee!" kijana mmoja akaita kutoka kwa ndovu. "Washa kitu bana! Tumelipa!"

"Imekufa, mwanangu. Inasukumwa."

"Inasukumwa na nani sasa? Si uajiri wasee!"

Wakacheka. Mzee alikuwa ameanza kutembea kuelekea boriti, mkono kiunoni, na dada wa farasi alikuwa hatimaye ameshuka. Ndipo nikauona msumari. Kitambaa chako kilikuwa bado kipo, Shangazi. Cha hudhurungi chenye maua madogo meupe, kitambaa cha gauni langu la Idi, la mwisho ulilonishonea. Kimepauka, lakini fundo lako halikulegea. Vyuma vyote vya pale vimelegea isipokuwa fundo lako.

Nikasema, "Anayeshuka ndiye asukumaye."

Sauti ilitoka kama ya mtu anayesoma kimoyomoyo. Hata Zuhura hakunisikia. Unajua ninavyokuwa mbele za watu, ulimi unakauka na masikio yanawaka. Nikalifikiria lile jina, Bi Kimya, jinsi ulivyolitamka kama cheo, nikasema tena kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo:

"Jamani! Hapa anayeshuka ndiye asukumaye! Ndiyo desturi ya hapa!"

Uwanja mzima ukageuka.

"Mwalimu wa zamu amefika," akasema yule kijana. "Madam, si usukume wewe basi?"

Kicheko kikapanda. Nilitamani mchanga unimeze. Lakini mzee alikuwa ameshaifikia boriti, nikamwambia, "Mzee, niachie." Nikaishika. Nikasukuma. Shangazi, duara lile ni zito! Viatu vyangu vipya viliteleza, likalia kidogo kama mlango, likakataa. Nikasikia mtu anasema "maskini", na neno lile lilinichoma kuliko kicheko.

Halafu sauti ya mwanamke nyuma yangu: "Usisukume kwa mikono, mwanangu. Lalia boriti. Sukuma kwa mwili."

Alikuwa mama mmoja mnene wa buibui, mwenye sambusa mkononi. Akaimalizia kwa mkupuo mmoja, akapangusa vidole kwenye leso yake mwenyewe (ungempenda), akashika boriti iliyonifuata. "Mimi nilisukuma hapa nikiwa na mimba ya huyu," akasema, akimwonyesha msichana mrefu aliyekuwa akiona haya. "Hawa wa leo hawajui. Wamezaliwa na injini." Kisha akawageukia vijana wa ndovu. "Na nyie! Misuli hiyo ni ya picha tu, ama pia hufanya kazi? Shukeni!"

"Ah, mathee, tutashuka na hatujazunguka?"

"Sukumeni sasa, mtazungushwa baadaye. Au mnaogopa kushindwa na Bi Mwalimu hapa?"

Wakatazamana. Akashuka mmoja, yule aliyenicheka, akikunja mikono ya shati kama anayekwenda kupigana. Wengine wakamfuata kwa sababu ya aibu, na aibu wakati mwingine hufanya kazi nzuri. Tukalalia boriti. Duara likaguna, likasita, likaenda.

Bila ule mtikiso wa injini, Shangazi, linakwenda kama zamani, polepole kwanza, kisha lenyewe linakuvuta. Zuhura alipiga yowe moja refu lililopita mbele yangu, likaenda, likarudi. Mzee Athmani alikuwa amesimama na kofia mkononi. Kijana wa ndovu alikuwa akihema karibu nami. "Manze, hii ni gym," akasema, nami nikacheka. Nilicheka na mtu nisiyemjua.

Lakini moyo wangu ulikuwa haujatulia. Kusukuma mara moja kwa kuaibishwa na mama mwenye sambusa si desturi. Desturi ingejulikana zamu ikiisha. Duara likapungua, likasimama. Watu wakaanza kushuka, nikamwona baba mmoja anakung'uta kanzu na kutazama upande wa viazi. Nikataka kusema tena, na sauti ikawa imekwisha kabisa.

Zuhura ndiye aliyeshuka mbio. Hakuambiwa na mtu. Boriti iko juu ya kichwa chake, haifikii, basi akaikosa, akamshika yule baba mguu akaanza kuusukuma. "Sukuma!" akamwambia. "Si umeshuka?"

Baba yule alicheka mpaka akalazimika kuishikilia boriti asianguke. Na akishaishika, angefanya nini? Akasukuma. Wakaja wengine. Zamu iliyofuata sikushika chochote, nilipanda kasa nikazungushwa na watu nisiowajua, na mwenye simu na fimbo alikuwa miongoni mwao.

Jioni Mzee Athmani aliniita dirishani. Hakuniambia maneno makubwa. Alisema atamwomba mnunuzi wa vyuma angoje mpaka Idi ya kuchinja. "Watu wakisukuma, nabaki. Wasiposukuma, basi tena." Halafu akaingiza mkono chini ya meza akatoa brashi iliyokauka. "Na wewe, mtoto wa fundi, shule ikifungwa njoo unipakie wanyama. Mkia wa kasa nitauchonga mimi. Rangi uchague mwenyewe. Safari hii ninazo mbili, ya kijani ipo."

Nimekwisha kwenda, Shangazi. Ndovu nimemfungulia jicho. Ngamia amepata masikio mawili, moja kubwa kidogo. Msumari wa farasi, mzee aliuchukulia nyundo hatimaye, nikamwomba auache. Nilikifua kile kitambaa papo hapo kilipo, bila kulifungua fundo.

Mkebe wa kijani niliufungua. Niliutazama sana. Kilikuwa kijani kizuri, kile ulichokuwa ukimdai miaka yote, na mzee alikuwa akinitazama kwa pembeni. Nikaufunga. Kasa nimempaka buluu, buluu ileile, mpaka kwenye mkia mpya. Nisamehe. Idi ya kuchinja nitasimama mbele yake na Zuhura, na ninataka mmoja wetu amuulize Mzee Athmani, "Kasa gani wa buluu?", naye ajibu yale anayojibu siku zote, ili mahali pako kwenye foleni pasichukuliwe na Mama wa Hewa.

Mola akulaze pema, fundi wangu. Zamu yako umeshashuka. Boriti nimeishika.

Mtoto wa kaka yako,
Bi Kimya