Siku Ambayo Mungu Hakusema "Vyema"

Shangazi mpendwa, salamu nyingi, na baada ya salamu naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana maji yamenifika shingoni na mimi si mtu wa barua, kazi yangu ni kupaka rangi majumba, na hata hii naiandikia juu ya mfuniko wa ndoo wakati wenzangu wanakula.

Marehemu mke wangu alitutoka mwaka jana, aliugua wiki tatu tu, akaniachia binti mmoja ambaye sasa ana miaka minane, mtoto mpole, msomaji kupita kiasi, hilo kalitoa kwa marehemu, anasoma hata maandishi ya kwenye makopo yangu ya rangi. Siku ya mazishi aliniuliza, "Mama ameenda wapi?" nikamjibu kama kila mtu anavyojibu, nikamwambia yuko mbinguni, akakubali, na tangu hapo kila jioni akiombea chakula anamalizia, "Na umsalimie mama hapo mbinguni," mimi naitikia amina na maisha yanasogea.

Sasa Jumapili moja kanisani watoto wakaanza kufundishwa siku za uumbaji, mwalimu wao anataja siku na kilichoumbwa, watoto wanapiga makofi na kuitikia kwa nguvu, "Akaona ni vyema!" Walipofika siku ya pili, Mungu alipofanya anga na kuliita Mbingu, watoto wote wakaitikia isipokuwa binti yangu, mwalimu akamuuliza mbona umenyamaza, akasema, "Mwalimu, hapa haijaandikwa." Mwalimu akaona huo ni ubishi, akamhamishia benchi la nyuma.

Aliporudi nyumbani nilikuwa nampigia pasi sare ya shule, akafungua Biblia mezani akanionyesha kwa kidole, siku ya kwanza nuru imesifiwa, ya tatu imesifiwa, ya nne, ya tano, ya sita, zote, ya pili tu ndiyo haina kitu, nimesoma mara mbili, Shangazi, kweli haina. Halafu akaniuliza, "Baba, kwani mbinguni ni pabaya?" Nikamwambia hapana, mwanangu, si pabaya. "Sasa mbona Mungu mwenyewe hakusema ni pazuri?" Nikaendelea kupiga pasi. Akaniambia, taratibu kabisa, "Basi mwombe amtoe mama huko."

Sijui ni kitu gani kilinipanda, nilifoka, nikamwambia anyamaze, asimkosoe Mungu, nikaifunga ile Biblia kwa kishindo nikaiweka juu ya kabati asikoweza kuifikia, na pasi nikaisahau juu ya sketi ikaungua. Leo ni siku ya kumi na mbili. Asubuhi ananiamkia, "Shikamoo baba," nikimuuliza kitu ananijibu "ndiyo baba" na "hapana baba" kama yuko mbele ya mwalimu mkuu, na jioni anasali vizuri tu ila salamu za marehemu amezitoa. Dada yangu anasema nimwambie waliochapa walisahau huo mstari, yaishe. Mimi naogopa kumdanganya, na ukweli naogopa kuusema kwa sababu siujui, na tena tangu aulize, hata mimi nikiwa juu ya ngazi nikitazama mawingu napata wasiwasi marehemu yuko wapi. Nimwambie nini?

Fundi Rangi

*

Fundi, pole. Pole ya kufiwa, na pole ya kulea peke yako huku ukipiga pasi. Hiyo ni pole ya kweli, ipokee yote, maana sasa nakugombeza.

Mtoto kasoma Maandiko, kayasoma vizuri kuliko mwalimu wake, kabeba swali lake zito mpaka kwa baba yake, na wewe ukampandishia kitabu kabatini! Hukumkasirikia, Fundi. Ulishikwa na hofu, ukaifunika kwa makelele. Mwanamume mzima umemkimbia mtoto wa miaka minane. Na huyo dada yako mwambie, kwa heshima zote, awaache wachapaji wa watu, hawakusahau chochote.

Binti yako kasema kweli. Siku ya pili haina neno hilo, na wasomaji wa Biblia wameliona tangu zamani, kila mmoja na maelezo yake. Mimi nakupa ninaloliamini. Siku ile Mungu aliyatenga maji, mengine juu, mengine chini, akaweka nafasi katikati. Lakini huku chini maji yalikuwa bado yametapakaa, hapakuwa na pa kukanyaga. Siku ya tatu ndipo akayakusanya, nchi kavu ikaonekana, na siku hiyo hiyo utakuta "vyema" mara mbili. Hesabuni wote wawili. Wewe mwenyewe mwenye nyumba akikukuta umepaka rangi mara ya kwanza tu, akataka usifie ukuta, si utamwambia asubiri? Ukuta si mbaya, kazi haijaisha. Na ukifika mwisho wa sura, Mungu anatazama vyote alivyovifanya, mbingu ikiwemo, anaona ni vyema sana.

Halafu kuna hili neno letu, mbingu, tulilolibebesha mizigo miwili. Kuna mbingu hii ya juu ya paa lako, yenye mawingu, wanamopita ndege, Mungu alimoweka jua na mwezi. Hiyo ndiyo anga ya siku ya pili, ni kitu kilichoumbwa kama mlima ulivyoumbwa. Na kuna mbinguni kwa Mungu mwenyewe, ambaye hakukaa bila makao akisubiri siku ya pili ifike. Ulipomwambia mtoto "mama yuko mbinguni" ukaishia hapo, alimweka mama mawinguni, kwenye mvua na upepo. Mwambie mama yuko kwa Mungu. Na wewe ukiwa juu ya ngazi acha kumtafuta, utaanguka.

Lakini usiidharau hiyo anga. Ni nafasi tuliyotengewa ili tupate pa kuvutia pumzi. Maji yalitengana na maji ndipo sisi tukapata pa kuishi, na bado Mungu hakutaka mtu yeyote ashangilie siku ile ile. Mimi hapo napapenda sana. Kutengana kwenu na mama wa mtoto hakuna aliyewalazimisha mkuite kuzuri mapema, wewe wala mtoto.

Sasa nikuambie kilichoniuma kwenye barua yako. Kila ulipomtaja kwa kinywa chako ni marehemu, marehemu, marehemu. Nimemaliza kusoma na sijui alicheka vipi, alikuwa mkali au mpole, aliimba akifua au alinuna. Fundi, mtoto hana marehemu, ana mama. Alikuwa anampelekea salamu kwa Mungu kwa sababu humo ndani hakuna mwingine wa kuzungumza naye habari zake.

Kwa hiyo leo weka brashi chini mapema. Ishushe Biblia, umpe yeye aifungue. Muombe radhi kwa maneno, si kwa peremende: "Mwanangu, ulisoma sawa, baba ndiye aliyekosea." Akikuuliza usilolijua, sema hujui, hakuna baba aliyekufa kwa kusema hivyo. Jumapili mshike mkono mwende wote kwa mwalimu, umweleze kwa upole, arudishwe mbele na wenzake. Na kuanzia leo, kila mkikaa kula, msimulie jambo moja la mama yake, hata la kuchekesha, hata lile lililokuwa likikuudhi. Utalia. Usitoke nje kujificha, lia hapo hapo mezani, ajue kwamba hakufiwa peke yake.

Shangazi