Ukumbi Uliokaa Kimya

Hamburg, Jumamosi jioni

Bado sielewi kama niliwapendeza au niliwachosha.

Kwetu Kaagya nikipiga enanga na kuimba habari za shujaa, wasikilizaji huitikia. Mzee mmoja atasema, "Ndiyo, huyo huyo," na mama mwingine atacheka. Wakinyamaza, najua nimewachosha, naweka enanga chini.

Leo ukumbi mzima ulinyamaza kama darasa la mtihani. Nikatokwa jasho. Shujaa hajavuka hata ziwa, nikakatisha wimbo. Wakasimama wote, wakapiga makofi mpaka nikaona aibu.

Mwenyeji wangu, mama aliyenitembeza asubuhi kwenye bandari inayoweza kumeza Kemondo yetu mara mia, akaniuliza kwa nini nimeacha katikati. Nikainama, nikaanza kulegeza nyuzi za enanga.

Kesho napiga tena. Nitaimbaje mpaka mwisho mbele ya watu wasiosema kitu...

Nimempigia simu mke wangu, yuko nyumbani kule Kibeta, nikamsimulia yote. Kimya.

"Mama Koku, upo?"

"Nipo, baba Koku. Si nakusikiliza."

Nikasahau nilikuwa nimefika wapi.