Mlango wa Milioni Mbili na Laki Tatu

Jumanne, 3 Septemba 2024

Wameiba tena. Saitmira zote mbili, vioo vya pembeni vya gari, na safari hii wameng'oa na redio. Miezi mitatu iliyopita ilikuwa kontroli boksi ya injini. Gari limelala ndani ya uzio wangu, kwenye gereji niliyojenga mwenyewe tofali kwa tofali — lakini mlangoni pana mabati mawili ya zamani yaliyofungwa kwa waya. Mwizi hakuhitaji hata koleo.

Nimefika kazini Posta saa nne. Mkaguzi wa hesabu anayefika saa nne! Praygod, tunayekaa naye meza jirani, akasema nishukuru wameniachia usukani. Sikucheka.

Basi. Mlango unawekwa mwezi huu. Nimemwambia Sekela akaulize bei kwa Khalfani, yule fundi wa kuchomelea hapa Bunju. Ndiye aliyetufanyia nondo za madirisha, geti na stendi ya tenki. Sekela ndiye anayesimamia mafundi, maana mimi naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Natoa hela, yeye analipa, ananiletea risiti. Upande huo sina wasiwasi, mke wangu nimemfundisha mwenyewe.

Alhamisi, 5 Septemba

Milioni mbili na laki tatu! Mlango!

Karatasi ya Khalfani ninayo hapa, ina muhuri na kila kitu. Mlango wa kujikunja juu, upana mita tatu, kimo mita mbili na nusu, pamoja na kufunga. Nikamuuliza Sekela kama ni wa bati au wa fedha. Akasema kila kitu kimepanda, Baba Brightson. Akaendelea kumenya viazi.

Nimepiga simu tano. Kuna duka Kariakoo wana milango ya rimoti kutoka nje, milioni nne na nusu. Mota mbali. Kufunga mbali. Stabilaiza mbali, maana umeme wetu tunaujua. Muuzaji akaniambia ndiyo wanayofunga mabosi wa Masaki. Nikamwambia mimi si bosi na Bunju si Masaki. Fundi mmoja wa Tegeta alianza na milioni moja na laki tatu, bati jepesi. Kisha akauliza nakaa Bunju upande gani, wa baharini au wa juu. Sijajibu, akauliza naendesha gari gani. Nikakata simu. Hawa watu hawapimi mlango, wanakupima wewe.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeamua kufanya ukaguzi.

Nimemtuma Praygod kwa Khalfani asubuhi hii, ajifanye anajenga Mapinga. Vipimo vilevile. Bati lilelile, nimemwandikia mpaka unene wake. Amenipigia saa tano. Milioni moja na nusu! Na Khalfani kamwambia maongezi yapo.

Laki nane! Yaani mimi nipandishiwe laki nane kwa sababu ananiona nafunga tai? Miaka sita nampa kazi, hajawahi kunidai hata senti, na kumbe kila siku ananichuna kimyakimya. Jumatatu naomba ruhusa, nakwenda mwenyewe. Sekela sijamwambia. Nataka nimshike kwanza huyo mtu, ndipo mke wangu aone anamwamini nani.

Jumatatu, 9 Septemba



Nilifika kwa Khalfani saa tatu. Nikamtupia karatasi yake mezani, nikamwita mwizi mbele ya wateja. Akazima mashine. Akavua miwani, akanisalimia kwanza, halafu akanishika mkono tukasogea pembeni palipo na mabomba.

"Mzee, mie bei yangu ni moja na nusu. Hata ungekuja mwenyewe ningekwambia hiyohiyo."

"Na hii laki nane?"

"Hiyo ya mama. Cha juu chake. Kama siku zote."

Nikamwambia arudie. Akarudia, taratibu, kama anayemweleza mtu habari ya msiba. Nondo za madirisha. Geti. Stendi ya tenki. Anaandika bei anayotajiwa na mama, analipwa bei yake, inayobaki mama anaondoka nayo. "Nikajua mwenyewe unafahamu," akasema. "Mambo ya mke na mume mie siingiliagi."

Nikaomba radhi? Sikuomba. Niliondoka tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeiba saitmira angalau alihangaika kuruka ukuta! Nimetoa faili la ujenzi, risiti zote zimepangwa kwa tarehe. Hili faili niliwahi kulipeleka kazini nikawaonyesha vijana kumbukumbu zinavyotunzwa. Nimejumlisha kila tofauti aliyonitajia Khalfani. Milioni tatu na laki moja. Mimi, ninayewatoa jasho wahasibu kwa elfu arobaini ya mafuta ya gari.

Jumanne, 10 Septemba

Nimemwambia. Nimepiga kelele mpaka Brightson akawatoa wadogo zake nje. Sekela alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akaniacha nimalize.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya. Hela ya matumizi unaacha shilingi ngapi kwa siku?"

Elfu kumi na mbili.

"Tangu lini?"

Tangu tuhamie, 2018. Nikamwambia, kama haikutoshi si ungesema? Akasema alisema. Mwaka uleule wa kwanza. Eti nilimwambia aandike mchanganuo, akaandika, nikamrudishia nikasema una makosa ya kujumlisha.

Kweli nilimrudishia. Ulikuwa na makosa.

"Nikaacha kukuomba," akasema. "Nikaona fundi akikuandikia unanung'unika, lakini unalipa. Basi nikawa naomba kupitia kwa fundi. Hiyo laki nane ilikuwa itufikishe Desemba."

Nikamwambia huo ni wizi, hata aupake sukari. Akasema sawa, ni wizi. Kuanzia kesho mafundi nilipe mwenyewe, na yeye atapika cha elfu kumi na mbili. Akachukua taulo akaenda kuoga.

Vizuri! Hakuna alichonikomoa. Tena tumechelewa.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemshusha Khalfani mpaka milioni moja na laki nne na nusu. Nusu nimempa leo. Kwa hiyo nimeokoa laki nane na hamsini kwa kufungua mdomo tu.

Jioni ugali na mchicha. Jana ugali na maharage. Juzi ugali na mchicha. Asubuhi chai ya rangi. Brightson akauliza maziwa yako wapi, mama yake akamwambia, muulize baba, yeye ndiye mwenye bajeti.

Anafanya makusudi. Nimekula sahani yote.

Jumatano, 18 Septemba

Leo nimepita sokoni Tegeta mwenyewe na elfu kumi na mbili mfukoni, nimkamate Sekela kwa bei halisi. Mchele kilo elfu tatu. Nyama kilo elfu kumi na moja. Nikajua huyu muuza nyama ananipiga, nikahamia bucha la pili. Elfu kumi na moja. La tatu, elfu kumi na moja, na juu yake muuzaji akanicheka. Nikachukua nusu kilo, mafuta ya kupima, nyanya na vitunguu. Nilipofika kwenye mchele nilikuwa nimebakiwa na elfu mbili na mia mbili. Sisi ni watu watano. Mkaa bado. Sabuni bado.

Nikagombana na muuza nyanya. Mama wa watu hakuwa na kosa lolote. Nyanya zake zilikuwa nzuri.

Nyumbani Sekela kaipokea ile nusu kilo, akasema asante. Hajanuna. Mashati ananipigia pasi, maji ya kuoga ananiwekea, nikimsalimia anaitikia. Hanisimulii tu kitu. Zamani nikirudi nilikuwa napata habari za mtaa mzima, nani kagombana na nani, mpaka namwambia inatosha, nimechoka. Sasa tunasikiliza taarifa ya habari wote wawili kimya. Inaniuma kuliko zile laki nane, na hilo nalo linanikasirisha.

Jumapili, 22 Septemba

Mlango umefungwa jana. Lazima niseme ukweli, Khalfani anajua kazi. Ukiuvuta kwa kidole unashuka.

Leo baada ya misa kaka Kasiani na mkewe wamekuja kutoka Kigamboni kuuona. Ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyenisomesha. Wakakaa mezani, Sekela akapakua. Ugali. Dagaa. Mchicha. Kwa kaka Kasiani! Kila akija hapa hula kuku na ndizi mpaka anafungua mkanda. Damu ikanipanda kichwani. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia huyu mwanamke bila wageni kuelewa.

Kaka akanawa. Akasema kabla hatujala ana jambo. Alipolazwa mwaka jana mwezi wa tatu, ndugu walituma elfu kumi, elfu ishirini, wengine pole. Mimi nilituma laki tatu. Akasema ile ndiyo iliyomtoa hospitali, hajawahi kunishukuru ana kwa ana, na leo ananishukuru mbele ya mke wangu. Mkewe akamshika bega.

Nilituma elfu hamsini. Nakumbuka vizuri. Nilimpa Sekela mkononi atume, na nilijiona nimetoa sana.

Nikamtazama. Alikuwa anatoa vichwa vya dagaa, anavipanga pembeni ya sahani. Hakuinua uso.

"Ni wajibu tu, kaka," nikasema.

Nikasema kitasa cha gereji kinasumbua, ngoja nikakijaribu. Nimeingia, nimeuvuta mlango mpaka chini. Daftari hili hukaa kwenye droo ya gari, ndipo nilipo, kiti cha dereva, naandika kwa taa ya simu. Bado nimekasirika. Nimekasirika kweli. Nampitia mtu mmoja mmoja — Khalfani, wauza nyama, Sekela — na hakuna ninayeweza kumshikilia hasira hata dakika moja.

Wamemaliza kula, wamekuja nje. Kaka anagonga bati, anausifia mlango. Anataka kujua nimelipa shilingi ngapi, na yeye aweke wa kwake. Ameuliza tena, kwa sauti zaidi, kama nimelipa ngapi hasa, jumla.

Sekela ndiye aliyemjibu. Nimemsikia vizuri, yuko karibu kabisa na mlango.

"Shemeji, mwache kidogo. Bado anajumlisha."