Gari Limeota Ukungu, na Mama Mkwe Hataki Pakiti ya Kijani Iguswe

Mpendwa Shangazi Yue-o, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana kila wiki nasoma gazetini unavyowachapa wenzangu kwa maneno nacheka peke yangu jikoni, na leo zamu yangu imefika na kicheko kimenikauka.

Mimi nimeolewa hapa Keelung, lakini kwetu ni Sanxing kwa wakulima wa vitunguu vya majani, na mume wangu Wen-hsiung ni msimamizi wa kiwanda cha viatu huko Vietnam, anarudi Mwaka Mpya tu, anakula, analala, anaondoka, na mara ya mwisho aliegesha gari letu jeupe nyuma ya nyumba, chini ya ule mti unaomwaga majani mwaka mzima, akaweka juu ya dashibodi ile pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, unaijua Shangazi, ile ambayo jina lake maana yake ni tulia, kila mtu anayo, hata mashine za hospitali zimewekewa ili zitulie zisisumbue watu, kisha akasema tusiguse kitu mpaka arudi, na mimi na mama yake tukaitikia.

Sasa Shangazi, nimepata kazi, tena kazi kweli, mpishi mkuu wa shule huko Jinshan, ila kazi inaanza kabla basi la kwanza halijatoka, na nilijaribu kwenda kwa skuta mara moja nikapigwa na upepo wa baharini pale barabara inapopinda, nikajikuta nimebanwa kwenye kingo za chuma na mvua inaingia hadi kwenye soksi, nikasema hapana, nina leseni, nimeendesha gari la vitunguu la baba yangu tangu sijaolewa, yeye amekaa pembeni, nitachukua gari, na mwalimu mkuu amenipa hadi Jumatatu nimwambie naja au siji.

Nilipofungua mlango nilirudi nyuma kama mtu aliyepigwa kofi. Usukani umeota ukungu mweupe kama umenyunyiziwa unga, mkanda una madoa ya kijani, kapeti upande wa abiria ukilikanyaga linatoa maji, sisimizi wamepanga msafara kutoka mlangoni hadi dashibodi, na nilipoiinua ile pakiti kidogo tu, kwa ncha ya kidole, niliona imetobolewa kwa chini na ndani wamo mende, wale wadogo wa kahawia, wakubwa kwa wana wao, wamestarehe kama wenye nyumba. Mama mkwe alikuwa dirishani juu, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, "We A-hui! Weka chini hiyo! Hivi una wazimu?"

Nikamwambia, "Mama, imejaa mende, na tarehe yake imekwisha tangu kabla ya Sikukuu ya Mwezi, miezi kadhaa sasa."

Akasema, "Tarehe ni ya wanaokula. Nani kakwambia tunaila?"

Basi nikaiacha, lakini mimi si wa kushindwa na mende Shangazi, nikaweka maganda ya machungwa chini ya viti, nikaweka machicha ya kahawa ndani ya soksi ili yanyonye unyevu, vyote vikaota ukungu, nikanunua kopo la moshi wa kuulia wadudu, na kwa kuwa mama alikuwa bado dirishani anasema, "Usiifukize hiyo pakiti, ikikasirika utaizuia wewe?", nikaifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki ili moshi usiifikie, nikawasha kopo, nikafunga milango, nikaenda zangu. Sisimizi walikufa wote. Nikaitoa pakiti kwenye mifuko ya plastiki, nikairudisha mahali pake kwa heshima, na kesho yake mende walikuwa wengi kuliko mwanzo, wengine wanatembea mchana kweupe juu ya kioo.

Mama akasema, "Unaona sasa? Umeiudhi." Anasema mwanawe yuko salama huko ugenini kwa sababu kitu alichokiweka kwa mkono wake kimetulia hapa, na nikikitoa yakampata ya kumpata, nitajibu mimi. Na jana tukiwa mezani akasema tena, bila hata kuniangalia, "Na hilo gari likipona, utakuwa unaondoka alfajiri kila siku. Mimi nitakunywa uji na nani?"

Mimi siamini mambo ya pakiti, Shangazi, ila siwezi kusema siamini kabisa, na mume ni wangu pia. Niambie nifanyeje mende waishe na unyevu uishe bila kuigusa pakiti, nikishalisafisha gari vizuri ndipo nitajua cha kumjibu mwalimu mkuu.

Ni mimi, A-hui wa mlimani, Keelung.


SHANGAZI YUE-O ANAJIBU

A-hui mwanangu, nimecheka, nisamehe. Halafu nimekasirika. Halafu nikaweka chai motoni ili nikujibu kwa adabu.

Kwanza, umefukiza gari zima kwa moshi wa sumu, ukawavalisha mende wako makoti mawili ya plastiki wasidhurike! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe umekikunja, umekifunga fundo, kisha umekirudisha mahali pake kwa heshima. Hakuna aliyeudhika humo ndani. Wamezaana tu, kwa sababu wana chakula, wana maji na wana mlinzi dirishani.

Pili, maji. Keelung yetu mvua hainyeshi, inaishi hapa. Hata kabati langu la nguo lina ukungu, na mimi ni mtu msafi, uliza majirani. Lakini gari kujaa maji miguuni mwa abiria si mambo ya mvua wala ya mizimu. Ni ule mti. Majani yamejaa pale chini ya kioo cha mbele, kwenye mashina ya vifuta mvua, yameziba matundu ya kutolea maji, na maji yakikosa njia ya kwenda nje yanakuja ndani. Fungua boneti, zoa majani yote, zibua matundu kwa waya laini, kisha mimina chupa ya maji polepole. Yakitiririka chini ya gari, umepona nusu. Yasipotiririka, zibua tena. Na uliondoe gari chini ya huo mti, hata kama itabidi kulisukuma na majirani, la sivyo tutaandikiana tena mwakani.

Kapeti usilikaushe likiwa humo humo. Chini yake kuna sponji, na hilo ndilo lililokunywa maji yote. Juu litakauka, chini litaoza. Litoe, lipandishe ndani, liwekee mashine ya kukausha hewa sebuleni mlango ukiwa umefungwa, na usitegemee jua, jua la mwezi huu unalijua mwenyewe. Ukungu ufute kwa spiriti, umevaa barakoa na glavu, milango yote wazi. Machungwa na kahawa tupa leo. Hukuweka dawa, uliweka karamu.

Mende usiwapulizie kitu tena. Ukipuliza wanajificha ndani ya dashibodi wanangoja uchoke. Fyonza kila pembe kwa mashine ya vumbi, kamwage uchafu mbali na nyumba, halafu weka chambo cha jeli, tone dogo dogo, chini ya viti na kwenye bawaba za milango. Wakila wanakwenda kufia kwao, na wenzao wanawala. Rudia tena baada ya wiki mbili, maana mayai hayafi na wazazi. Badilisha pia chujio la hewa. Wakikosa pakiti watahamia humo, na utakuwa unapuliziwa mende usoni hadi Jinshan. Kisha fundi aangalie betri, magurudumu na breki kabla hujaikanyaga barabara ile. Gari lililolala muda mrefu haliamki na akili zake zote.

Sasa tuje kwenye pakiti. Mimi sitakwambia uamini wala usiamini. Nitakwambia tu kwamba kila jambo lina sheria yake, na mama mkwe wako ameshika nusu ya sheria. Nenda popote zilipo mashine, uliza wanaozilinda: pakiti iliyopita tarehe hailindi kitu, na wengine watakwambia ndiyo inayoleta nuksi yenyewe. Wanabadilisha bila kungoja. Kwa hiyo, hiyo iliyopo hapo kwako si ya mumeo tena, ni ya mende. Usiitoe kwa kujiiba usiku, wala usimdanganye mama ukanunua nyingine inayofanana. Mficha uchi hazai. Mshike mkono, mpeleke dukani, achague mwenyewe ya kijani yenye tarehe ndefu, aiweke mwenyewe kwa mkono wake, yeye aliyemzaa Wen-hsiung. Kwenye sanduku la bati lenye kifuniko kinachobana! Hilo usilegeze.

Na huyo Wen-hsiung mpigie simu jioni, uongee naye mama akiwa pembeni anasikia. Usimuombe ruhusa. Mwambie, "Gari lilijaa mende, nimelisafisha, naliendesha kwenda kazini." Kama ana neno, alitamke mama yake akisikia, maana sasa hivi mama anamsemea yeye, na yeye pengine hajui hata kwamba anasemewa.

Lakini A-hui, mbona hujajisikia mwenyewe? Umeniandikia habari ya mende, nikafika karibu na mwisho nikakuta mama mzima anauliza atakunywa uji na nani. Ukaipita sentensi hiyo kama mtu anayepita duka lililofungwa. Huyo mama hamlindi mwanawe tu, anakulinda wewe usiende. Mwana mmoja ameshamwondokea kwenda ng'ambo. Usimkasirikie, ila usimtii pia. Uji uupike usiku, uuache kwenye jiko la umeme ukiwa moto, umwambie jirani yenu awe anagonga mlango asubuhi wanywe pamoja, na Jumapili umpakie kiti cha mbele umuulize anataka kwenda wapi. Nina hakika hakuna aliyewahi kumuuliza.

Limebaki neno moja, na hili ndilo lililonikasirisha. Unasema ukishalisafisha gari vizuri ndipo utajua cha kumjibu mwalimu mkuu. Binti wa watu, umeendesha gari la vitunguu na baba yako amekaa pembeni bila wasiwasi, umepata kazi ya mpishi mkuu bila kubebwa na mtu, halafu unangoja ruhusa ya kapeti? Halitakauka kufikia Jumatatu. Likikauka, utaona doa. Doa likitoka, utasikia harufu. Gari chafu halikosi sababu, na mtu mwenye hofu huzipenda zote.

Kwa hiyo fuata mpangilio wangu, usiubadilishe. Weka gazeti chini, mpigie mwalimu mkuu, mwambie unakuja. Ukishakata simu, ndipo uchukue ndoo.