Winda Niliyojifunga Leo, Somo

Somo yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Marahaba sitaisikia, lakini hukunifunza adabu ya kuishia makaburini.

Nimekaa juu ya gunia la mkaa kando ya barabara, upande wa kwenda Mlandizi, na ndoo isiyo na maji iko miguuni pangu. Nyumbani nimeaga kwamba nakwenda kuteka maji. Mama mkwe alinitazama tumbo, akaitazama ndoo, akasema, "Usichelewe, wanawake wanakuja alasiri." Hakusema wanakuja kufanya nini. Chumba cha ndani kimetandikwa mikeka tangu asubuhi, na dirisha limezibwa kwa gunia. Mimi nangoja lori la wachoma mkaa. Likitokea kabla hawajagundua kwamba sirudi, mimi na mwanangu huenda tukapona. Lisipotokea, wewe unajua kuliko mimi litakalofuata.

Karatasi hii nimeichana kwenye daftari la darasa la watu wazima, lile ulilokuwa ukinicheka nalo kwa kuwa nilishika kalamu kama mwiko. Sasa naandika vizuri, na wa kumwandikia hayupo.

Tangu tukuzike, kijiji chetu kipya hapa Kwala kimejaa. Nyumba zimepangwa mistari, kila mtu anaona mlango wa mwenzake na anajua jirani amepika nini. Mabomba ya maji yaliletwa kwa sherehe, yakashushwa, na mpaka leo yamelala kwenye majani, watoto wanapitisha mijusi ndani yake. Maji bado ni kule bondeni. Nyumba yako amepewa bwana mmoja mfugaji, na pale ulipokuwa ukianika amefunga ndama.

Siku ya kugawa vitu vyako wanawake walitaka winda zako, vile vitambaa vya kuzuia mkojo, zichomwe moto. Mmoja akasema, "La kuvunda halina ubani," wenzake wakaguna. Nilizichukua zote mbele yao. Zilikuwa safi kuliko kitambaa anachofunikia wali yule aliyesema, na nilimwambia hivyo hivyo. Hatusalimiani mpaka leo.

Unakumbuka nilipovunja ungo na kuwekwa ndani, bibi yangu alipokuchagua uwe somo yangu? Shangazi zangu walikuja juu. Mtoto atafunzwaje na mwanamke asiyekauka, mkojo unamtoka usiku na mchana kama mtoto mchanga? Bibi akawajibu, "Huyo ndiye anayekijua kitambaa." Basi ukaja na kikapu chako, ukaketi, na mimi nikawa nanusa hewa kisirisiri nione kama unanuka. Uliniona. Ukasema, "Nusa vizuri, mwali, ukimaliza tuanze kazi." Ulinukia mafuta ya nazi na jua.

Ukanisimamisha. "Winda si kamba ya kufungia mbuzi," ukasema, kwa sababu nilikuwa nimejikaza mpaka mapaja yameingia mistari. Ukakunja kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikachoka na kulainika, ukaweka unene wote katikati ya miguu, mbele na nyuma ukaupunguza. Upindo usikae penye kinena, utachuna. Mshipi wa kiunoni uwe kitambaa kipana, vidole vipite chini yake bila kugombana na nyama. Kisha ukaniamuru nikae, nichuchumae, niiname kama ninayefagia, nipande kitanda na kushuka. Winda iliyofungwa mtu akiwa amesimama tu, ulisema, humsaliti akikaa.

Na kubadili. "Usingoje ikushitaki." Iondolewe ikiwa na unyevu, kabla haijarowa. Maji safi, kisha kujikausha kwa kugusagusa, si kusugua, halafu mafuta kidogo sana mapajani, kwa kuwa mafuta mengi hukifanya kitambaa kisinyonye. Wenzako walificha vitambaa vyao uvunguni mpaka vikaota ukungu na kuwawasha. Wewe ulivianika nje, juani, kila mtu aone. Ulisema jua halina umbeya. Na kila adhana ulifungua, ukajisafisha, ukajifunga nyingine, ukatawadha, ukasali. Walisema sala yako haifai. Mwalimu wa chuoni, tena mzee wa kutetemeka, ndiye aliyewanyamazisha, akisema kwamba mwenye udhuru husali na udhuru wake.

Sikukuuliza uliupataje udhuru huo. Ulinieleza mwenyewe, ulipoona nimekua kiasi cha kuubeba.

Kule Kisarawe ulikoolewa, uchungu ulikushika ukiwa na mimba ya kwanza. Mtoto akakwama. Badala ya kutafuta machela wakupeleke hospitali, wanawake walikuzunguka wakaanza kuuliza. Kwetu wanaamini mtoto hakwami bure, hukwama kwa sababu mama yake ametoka nje ya ndoa, naye hapiti mpaka yule mwanamume atajwe. "Mtaje, mtoto apite." Wewe hukuwa na wa kumtaja. Jua likachwa, likachomoza, likachwa tena, nao wanapokezana kuuliza, kwa upole, wakikupepea. Mwishowe, kwa maumivu, ukatunga jina. Mtu asiyekuwepo duniani. Wakapiga vigelegele, wakangoja mtoto apite.

Hakupita. Alipotolewa alikuwa amekufa, na wewe ndani ulikuwa umechanika mahali pasipojishona penyewe. Mumeo hakuuliza habari ya mtoto wala ya jeraha. Aliuliza habari ya lile jina. Ukarudishwa kwetu Magindu na sanduku lako, mkojo ukikuchuruzika njia nzima, na tangu siku ile ukaanza kujifunza winda bila mwalimu.

Nilikuwa sijakasirika maishani kama nilivyokasirika siku ile. Wewe ukacheka, ukaniambia nimenuna kama kuku aliyenyeshewa.

Nakukumbuka zaidi siku ya kuhamishwa, mgambo walipotupakia kwenye lori na vyungu vyetu. Ulikuwa umejifunga tangu alfajiri, na juu ya winda ukaweka nailoni ya mfuko wa mbolea, ambayo siku nyingine ulikuwa huitaki kwa kuwa hupika ngozi. Ya safari tu, ulisema. Lori likatutikisa siku nzima. Watu walikuwa wamekaa mbali nawe, wakibinya pua kabla hata ya kuwepo harufu. Tuliposhuka kanga yako ilikuwa kavu, na aliyekuwa amechafua lori ni mke wa mwenyekiti, kwa matapishi. Ulimpa maji anawe. Ulinitazama kwa pembe ya jicho nami ilibidi nigeuke nisicheke.

Lakini kijiji hiki ndicho kilichokumaliza. Bondeni ni mbali, na maji ya kujisafisha kila adhana yalihitaji mabega uliyokuwa huna tena. Ukaanza kunywa kidogo ili uvuje kidogo, wewe uliyenikataza, uliyesema wanaojinyima maji hukojoa moto. Vidonda vikaja, kisha homa. Nilikufunga mimi mwishoni, mwali akamfunga somo yake, na hata ukiwa huna nguvu ya kuinua kope ulininong'oneza kwamba upindo umekaa vibaya. Siku tulipokuosha ulikuwa mkavu. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolilia kifo.

Sasa nisikilize, maana muda wangu si mwingi.

Nina mimba. Mume wangu Salumu yuko kwenye reli ya Wachina, huko Mlimba. Alikuja Idi, akarudi kazini, nami nikabaki na tumbo na mama yake. Mwanzoni mama mkwe alifurahi. Kisha akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, mbele yangu, na kila akihesabu anapata hesabu nyingine. Hanipigi wala hanitukani. Angenitukana ningemjua. Ananibandikia uji, ananikanda mgongo kwa maji moto, na huku anakanda ananiuliza, "Mwanangu, huna la kuniambia?" Jana alinichana nywele akaniuliza tena, na kitana kikasimama kichwani kikingoja jibu.

Muuguzi wa zahanati ya Mlandizi alinipima akasema mimi ni mfupi na mtoto ni mkubwa. "Usingoje uchungu ndiyo uje. Njoo mapema tukupeleke hospitali." Nilipomweleza mama mkwe, alitabasamu. Akasema mwanamke anayekimbilia hospitali ana anachokikimbia nyumbani. Jioni hiyo alikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wale wanawake. Yule wa kitambaa cha kufunikia wali ndiye anayewaongoza.

Nikwambie nisilomwambia mtu. Leo asubuhi nikiwa nafagia uwanja, chupa ilipasuka. Maji yalinitoka ya moto mpaka vifundoni. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mboga. Nikamwaga maji ya kuoshea vyombo palepale nilipokuwa nimesimama, nikaingia ndani, nikatoa winda zako. Nikakunja, unene katikati. Mikono ilikumbuka. Nikakaa, nikachuchumaa, nikainama kama ninayefagia, kisha nikatoka nikafagia kweli mpaka mwisho wa uwanja, naye ananitazama. Uchungu haujashika sawasawa. Unakuja mgongoni, unaondoka, unarudi na mwenzake.

Kama angejua, mlango ungefungwa saa ileile.

Humu kwenye ndoo, chini ya kata ya kutekea, zimo winda nyingine kavu na ile nailoni yako. Nimebadilisha mara moja nyuma ya mikorosho. Lazima nionekane mkavu barabarani pia, maana watu wa mkaa hawapandishi mwanamke mwenye uchungu, wanasema gari litapinduka. Utingo akiona kanga imelowa ataniambia nirudi nyumbani. Nyumbani penyewe napaona nikigeuza shingo. Kuna wanawake wawili wanatembea kwenye ule mstari wa nyumba, na mmoja ameweka mkono juu ya macho anatazama huku.

Somo yangu, Mola akupanulie kaburi na akulipe usafi wako. Sijui kama tutaonana leo, kesho au nikiwa bibi kizee. Lakini nakuahidi, na ahadi hii naiandika ili isikae mdomoni peke yake, mahali maumivu yanapoweza kuifikia: wakinikuta, wakinirudisha, wakinizunguka na kunipepea, jina hawatapata. La mtu aliyepo wala la kutunga. Nitawaambia waniletee machela, nitawaambia hilo mpaka sauti ikauke, na jina hawatapata.

Kuna vumbi upande wa Magindu. Lori hilo. Wale wanawake nao wameanza kukimbia.

Nimesimama. Gunia nililokalia nimelipapasa kwa kiganja. Ni kavu, somo.

Mwali wako,
Zena