Mabano ya Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti halikusumbui sana na mvua hizi. Mimi sijambo, ila upepo wa hapa Hsinchu umeshanivunjia mwavuli mwingine. Mwambie Mama keki zimefika na wenzangu wamezimaliza bila haya.

Baba, programu uliyokiandikia kiwanda cha kutia nguo rangi imeangukia mezani kwetu. Wanabadilisha mitambo, na nakala ya zamani itafutwa. Kitakachobaki ni tutakachoandika sisi, na jambo hilo limenikaa rohoni.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa. Chombo chetu husoma programu na kuigeuza kuwa mti wa hesabu, kisha huuandika mti huo upya. Ajabu ni kwamba mtini hamna mabano, maana matawi yenyewe yanaonyesha kipi kitangulie. Mabano hurudishwa wakati wa kuandika, pale tu yanapohitajika. Kutafuta ni wapi ndiko kunakonifurahisha.

Mwenzangu Po-hsun alipoona maandishi yako alicheka. "Dada Ching, huyu mzee aliogopa nini? Kaweka mabano mpaka pasipo na kazi." Nami nikacheka naye.

Akaamuru chombo kisiweke mabano yoyote kati ya kujumlisha na kutoa. Tukasoma upya kilichoandikwa na kulinganisha miti miwili, ikatofautiana kwenye hesabu ya chumvi inayoshikiza rangi. Wewe ulitaka tano itolewe mbili kwanza, kisha jibu litolewe kwenye kumi, ibaki saba. Yetu ilileta jibu la tatu, na nguo zingepauka. Po-hsun akarekebisha, miti ikafanana, na Bosi Lien akasema tupeleke.

Ndipo nikaona maelezo yako yote, yale uliyowaandikia watu kando ya hesabu, yametoweka. Mashine haiyasomi, kwa hiyo mtini hayamo, na ulinganishaji wetu haukugundua kitu. Bosi akauliza ni nani atakayeyakosa.

Baba, sikuwa nimemwambia mtu programu ni ya nani. Po-hsun alipokucheka niliona haya, nisamehe. Nikasema, "Mimi. Huyo mzee ni baba yangu."

Bosi akatuongezea siku. Po-hsun, uso umemwiva kwa haya, akakaa nami tukifunga kila elezo kwenye tawi lake, ili tawi likiandikwa nalo liandikwe. Moja tu lilikosa pa kufungwa, lile la mwisho kabisa, baada ya hesabu zote, kwamba unawahi nyumbani kwa kuwa Ching ana homa. Po-hsun alilitengenezea tawi la peke yake.

Msalimie Mama, na majirani wote wanaoniulizia.

Mwanao akupendaye,
Tung Ching-i