Shule Kumi, Watoto 1,240

Jumatatu, 4 Machi

Imeili moja imenivuruga siku nzima. Ya mtu nisiyemjua, mwalimu wa takwimu chuo kingine. Amesoma makala yetu ya mradi wa uzito wa watoto shuleni – ile ya miaka minne iliyopita. Adabu tele. Salamu mistari mitatu, pongezi mistari miwili, kisha swali: mlipopiga kura ya bahati nasibu ya nani apewe mradi, mlichagua watoto au shule? Na kama ni shule, mbona kwenye hesabu kila mtoto amehesabiwa kana kwamba alikuja peke yake kwa njia yake?

Nikamjibu: nimeipata, nitaangalia.

Uongo. Sikuhitaji kuangalia. Nilijua tangu siku ile.

Mhudumu wa ofisi kaniuliza kama nina homa.

Jumanne, 5 Machi

Nimelifungua faili la zamani. Kama kufungua sanduku la marehemu.

Shule kumi. Tano zilipewa mradi: mazoezi asubuhi, maji badala ya soda, somo la lishe, na kupima uzito kila mwezi. Tano ziliachwa zilivyo. Watoto 1,240. Mwaka ulipoisha, wale wa mradi hawakuwa wamenenepa sana kama wenzao – tofauti ndogo tu, lakini ipo. Mimi nikaandika kwamba kama mradi haufanyi lolote, tofauti kama ile ingejitokeza kwa bahati mara tisa tu katika elfu. Tisa! Nani abishane na tisa katika elfu?

Lakini watoto wa shule moja ni ndugu wa geti moja. Duka lile lile la soda, kiwanja kile kile, mwalimu wa michezo yule yule, mchapakazi au mvivu. Wanafanana. Kupima watoto mia wa shule moja ni kama kuonja chungu kimoja mara mia halafu ujisifu umeonja vyungu mia. Sisi tulikuwa na vyungu kumi.

Katikati ya amri za kompyuta nimeukuta mstari wangu mwenyewe, herufi kubwa: RUDI HAPA – SHULE!!

Sikurudi.

Jumatano, 6 Machi

Nimerudia hesabu kama inavyotakiwa. Kwa ushahidi, watoto 1,240 wamebaki sawa na watoto 264 hivi. Ile tisa katika elfu imekuwa ishirini na saba katika mia. Maana yake? Kwa lugha ya nyumbani: hatujui. Labda mradi unasaidia, labda haufanyi kitu. Hatujui.

Nimerudia mara tatu. Nilitaka kosa liwe la leo, si la siku ile.

Na ukweli wenyewe niuandike, hapa hakuna anayesoma. Siku ile hesabu sahihi ndiyo niliyoianza. Majibu yakatoka mapana, hayaelekei huku wala kule. Profesa, mkuu wa mradi, akaja, akakaa kwenye pembe ya meza yangu, akatazama skrini muda mrefu. Akasema kwa upole: mwanangu, hebu jaribu njia nyingine.

Basi. Hakunifokea. Laiti angenifokea! Ningekuwa na wa kumlaumu. Nilikuwa na miezi mitatu kazini na hakuna aliyewahi kuniita mwanangu pale. Nikajaribu njia nyingine. Nikapigiwa makofi kwenye kikao, nikaona raha. Ndiyo, niliona raha. Nisijifanye.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa Profesa na karatasi mbili, hesabu ya zamani na mpya. Ofisi yake bado ina bango la mradi ukutani, watoto wanaruka kamba, na chini yake maneno: UMETHIBITISHWA.

Amezisoma zote mbili bila kuvaa miwani. Halafu:

– Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu.

Nikamwambia hayazoleki, lakini tunaweza kuacha kuendelea kuyamwaga. Shule mia tatu sasa zinafuata mradi kwa sababu ya ukurasa wangu mmoja.

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema kwani mazoezi yana dhara gani? Maji yana dhara gani? Tumpe huyo bwana wa imeili majibu ya kiufundi, tuseme hitimisho halibadiliki.

– Linabadilika, Profesa.

– Linabadilika kwako.

Kisha akaniuliza hali ya mama. Nikasema hajambo. Akasema nimsalimie. Nimetoka pale nimebeba salamu na karatasi zangu mbili. Mtu mwema ni mgumu kupingana naye kuliko mkorofi. Anastaafu mwezi wa sita.

Jumapili, 10 Machi

Nimeshinda kwa dada. Yeye ni mwalimu, na shule yake iko kwenye zile mia tatu – amepewa hata cheo cha kusimamia upimaji. Kidoti, binti yake, amefika miaka kumi na moja na amerefuka kama amevutwa. Nikamtania: unakimbilia wapi, utagonga dari! Hakucheka.

Mezani akasogeza sahani. Ameshiba. Hajagusa kitu, ameshiba! Dada akasema mwache, siku hizi ndivyo alivyo, Alhamisi kuna kupima.

Baadaye tukiosha vyombo, mimi na Kidoti peke yetu, nikamchokoza taratibu mpaka akasema. Mwezi uliopita alipewa kadi nyekundu ya kupeleka nyumbani, uzito umezidi. Mwalimu anasoma kilo kwa sauti ili anayeandika asikosee. Darasa zima linasikia. Sasa wanamwita Gunia.

– Mwalimu gani anasoma?

– Mama.

Sahani ilinitoka mkononi. Haikuvunjika, ilikuwa ya plastiki.

Halafu akaniuliza: Mamdogo, ni kweli wewe ndiye uliyesema tupimwe? Mama amesema ni hesabu zako. Alisema kwa kujivunia.

Nikamwambia, nilikuwa mmoja wao. Jibu la mwoga. Kadi nyekundu sisi hatukuiweka, imeongezwa huko juu, wizarani. Lakini nani angeongeza rangi kwenye kitu ambacho hakijathibitishwa?

Jumatatu, 11 Machi

Barua kwa mhariri wa jarida. Rasimu ya kwanza kurasa tatu, zote visingizio. Nimefuta. Ya pili: nusu ukurasa. Kura ilipigwa kwa shule, uchambuzi ukafanywa kwa watoto, kosa ni langu, ninaomba makala iondolewe. Jina langu chini.

Neno «langu» nimeliandika, nikalifuta, nikaandika «letu», nikarudisha «langu». Dakika arobaini kwa neno moja.

Jumanne, 12 Machi

Nimetuma, saa nne asubuhi. Nakala kwa Profesa, nakala kwa yule mwalimu wa imeili, nakala wizarani.

Profesa amepita mbele ya mlango wangu mara mbili. Hakuingia. Kumbe ningependa aingie.

Jumatano, 13 Machi

Wizara wamejibu. Wamepokea. Kamati itakaa mwezi ujao. Mpaka hapo shule ziendelee kama kawaida.

Kama kawaida!

Nimempigia dada, nimemweleza yote, vyungu na shule na njia nyingine. Akasema: kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikijisifu mdogo wangu amesema, kumbe mdogo wangu alinyamaza? Nikamwambia kesho usipime. Akasema nipe karatasi yenye muhuri. Sina. Basi njoo, akasema, uje uone unachokizuia.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika kwenye benchi, shuleni kwa dada, ukumbini. Nimeomba ruhusa kazini. Mistari miwili ya watoto, wasichana huku, wavulana kule. Mwalimu mkuu amenikaribisha kwa mikono miwili: mtaalamu mwenyewe! Nikamwomba tuahirishe. Akasema angependa sana, lakini mkaguzi anakuja kuchukua fomu saa sita, na mimi sina waraka. Anaogopa. Namjua mtu anayeogopa kwa upole, nimekaa naye miaka minne kwenye kioo.

Nikamwomba basi kilo zisisomwe kwa sauti. Akamtazama dada. Dada akasema fomu inadai wawili, msomaji na mwandishi, na mwandishi hukaa kule mezani.

Msichana wa kwanza amepanda. Dada amesoma kwa sauti ya chini mno, mwandishi kapaza: ngapi? Dada karudia. Watoto wamesikia. Kicheko.

Kidoti ni wa tisa. Amevua viatu, wote wamevua. Sasa anavua sweta. Amevua saa. Anafungua vibanio vya nywele, kimoja kimoja, anavishika kiganjani, hajui pa kuviweka.

Dada amegeuka ananitazama. Amenyoosha mkono na kalamu. Anasema, kwa sauti ambayo ukumbi mzima unaisikia, njoo basi uandike wewe, au njoo usome wewe – lakini usikae hapo.

Wamebaki watatu mbele yake. Nimesimama, nakwenda.